Kibao cha Patasi za Shangazi

Kila siku baada ya shule, kabla hata ya kuvua sare, Kinoo alipitia karakana kunoa patasi za shangazi yake. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jina. Kinoo ni jiwe la kunolea, na yeye alikuwa akilishika jiwe hilo tangu darasa la pili, mpaka mtaa mzima ukasahau jina alilopewa alipozaliwa. Siku moja hata mwalimu alijisahau, akaita "Kinoo" wakati wa kuita majina. Darasa liliangua kicheko, na mwenyewe akaitikia "nipo" bila wasiwasi wowote.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, chenye mlango mpana uliotazama barabara. Ndani mlikuwa na meza nzito ya kazi chini ya dirisha, mbao zilizoegemezwa ukutani, na maranda mengi sakafuni kiasi kwamba ukidondosha msumari ndiyo umeuaga. Shangazi alikuwa mchongaji. Alichonga milango, vichwa vya vitanda, fremu za picha na vibao vya ofisi. Jani lililochongwa na shangazi lilikuwa na mishipa yake yote, myembamba kama uzi, na wateja walipenda kulipapasa kwa kidole kabla ya kulipa na kuondoka. Baba yake Kinoo, ambaye ni mdogo wake shangazi, alikuwa dereva wa lori na siku nyingi alikuwa safarini. Mama yake alifariki Kinoo akiwa bado anatambaa. Kwa hiyo aliyemlea mtoto huyo hasa, aliyemsuka nywele na kumkemea na kumkagulia madaftari, ni shangazi.

Patasi ndogo za shangazi zilikaa ndani ya kopo la zamani la rangi, upande wa kulia wa meza, makali chini na mipini juu. Shangazi hakuwa na haja ya kulitazama kopo hilo. Macho yake yalibaki kwenye ua alilokuwa akilichonga, mkono ukaenda wenyewe, ukapapasa mipini, ukarudi na patasi iliyotakiwa. Fundi cherehani wa jirani alisema mama huyu ana macho kwenye vidole. Kinoo akisikia hivyo alivimba kichwa, utadhani vidole vyenyewe ni vyake.

Tatizo lilikuwa kopo. Patasi zilipotumbukizwa humo ziligongana, na makali yakajigonga kwenye chuma cha chini. Kazi yote ya jioni ya Kinoo iliharibika kufikia saa nne asubuhi. Alilalamika kwamba yeye ananoa na kopo linatafuna, lakini shangazi alicheka tu, akamwambia kopo hilo limemzidi umri, aliamkie.

Karakana ile ilikuwa na sheria moja: makali hayamtazami mtu. Ukimpa mtu patasi, unampa mpini. Ukiilaza mezani, makali yanaelekea ukutani. Kinoo aliijua sheria hiyo kabla ya kujua kusoma.

Jambo jingine lililojulikana na wote ni kwamba siku hizi shangazi alikuwa mtu wa kugonga vitu. Aligonga fremu ya mlango kwa bega. Alimwaga chai kwa kiwiko. Aliingiza mguu ndani ya ndoo iliyokuwa wazi kabisa pembeni yake. Nyumbani walimcheka, na baba akirudi kutoka safari alimtania dada yake kwamba lori lake lina adabu kuliko yeye. Shangazi naye alicheka, akasema uzee unabisha hodi, ingawa hakuwa mzee.

Halafu kulikuwa na suala la barabara. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa ng'ambo, na kila walipotaka kuvuka shangazi alisema, "Nishike mkono, mwanangu." Kinoo alikuwa na miaka kumi na miwili. Rafiki yake, binti wa yule fundi cherehani, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alimwona siku moja akivuka barabara ameshikana mkono na shangazi kama mtoto wa chekechea. Habari zilifika darasani kabla ya Kinoo mwenyewe kufika. Tangu siku hiyo alitoa mkono wake shingo upande, na wakishavuka aliuchomoa haraka.

Wazo la kibao lilimjia huko huko dukani. Ndani ya kabati la kioo aliona vyuma vya kutobolea vimesimamishwa kwenye kigogo kidogo chenye matundu, ncha juu, vinang'aa kwa mpangilio kutoka chembamba hadi kinene. Alisimama kuviangalia mpaka shangazi akamwita mara ya pili. Alipofika nyumbani alikuwa tayari ameshaamua. Angemtengenezea shangazi kibao kama kile, kwa mikono yake, bila kumwambia.

Aliokota kipande cha mbao ngumu kilichobaki kwenye mlango wa mteja, akakipiga randa, akachora mistari kwa penseli nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita kabla ya kuihamishia kwenye ubao. Kila jioni shangazi alipokwenda jikoni, Kinoo alijificha uani na keekee ya mkono, ile ya kuzungusha, akitoboa polepole asisikike. Redio alikaa juu ya ndoo akilinda.

Mwanzoni alitaka kuzitumbukiza patasi makali chini, kama kwenye kopo. Lakini matundu yake hayakuwa na kina cha kutosha, makali yakagusa mbao na kukwama. Tena ikawa huwezi kujua ipi ni ipi, kwa maana mipini yote shangazi aliichonga mwenyewe kutokana na tawi moja, na ilifanana kama ndugu. Kinoo alikuna kichwa. Kisha akakumbuka kabati la kioo, akatanua matundu na kuzigeuza patasi: mipini ndani, makali juu. Mara moja kila kitu kikaonekana wazi, patasi bapa, patasi ya mviringo, patasi ya pembe, na mwishoni ile nyembamba kuliko zote ya kuchorea mishipa ya majani.

Redio alisema zinapendeza kweli. Halafu, kwa mara moja maishani mwake, akauliza swali badala ya kutangaza. "Na ile sheria ya makali?"

"Yanatazama dari," alijibu Kinoo. "Dari si mtu."

Walicheka wote wawili. Redio aliuliza tena kwa nini wasimwonyeshe shangazi kwanza, aseme kama anakipenda. Kinoo alimwambia kwamba ukimwuliza mtu, hiyo si zawadi tena.

Jumamosi asubuhi, shangazi akiwa bado anaoga, Kinoo alizitoa patasi zote kwenye kopo. Jana yake alikuwa amezinoa kuliko siku nyingine yoyote, mpaka zikawa zinanyoa vinyweleo vya mkono. Alikiweka kibao mahali pa kopo, kulia kwa meza, akazipanga patasi moja moja, kisha akalitupa kopo nyuma ya nyumba. Yeye na Redio wakajibanza nyuma ya mbao zilizoegemea ukuta, mikono midomoni ili wasicheke.

Shangazi aliingia. Aligonga fremu ya mlango kwa bega, na wasichana wakazidi kujibana wasicheke. Alivuta kiti, akainamia kichwa cha kitanda alichokuwa akikichonga, akalikaribia ua kwa uso wake wote. Kibao kilikuwa pale pale kando ya kiwiko chake, makali yote yanawaka kwa mwanga wa dirisha. Kinoo alisubiri ageuke na kutabasamu. Hakugeuka. Hakuonyesha dalili yoyote ya kuona.

"Ataona sasa hivi," Kinoo alimnong'oneza Redio.

Mkono wa kulia wa shangazi uliondoka kwenye mbao, ukaenda wenyewe kama ulivyozoea, na kushuka kwa uhakika juu ya makali.

Hakupiga kelele. Alivuta pumzi tu, akauleta mkono mbele ya macho yake na kuutazama kwa mshangao, damu ikitiririka mpaka kwenye kiwiko na kuingia katika maranda. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kopo langu liko wapi?"

Yaliyofuata Kinoo aliyakumbuka vipande vipande. Redio alikimbia kumwita baba yake. Fundi cherehani alikuja na kitambaa kipya cha mteja, akaufunga mkono kwacho bila kufikiri mara mbili. Hospitalini kulikuwa na benchi refu la mbao, na Kinoo alikaa mwisho wa benchi akitazama damu iliyokauka kwenye viatu vyake. Baba alifika mchana, bado na vumbi la safari, akakuta dada yake ameshashonwa.

"Imekuwaje, dada?" aliuliza.

"Patasi imeniteleza," alijibu shangazi, akamtupia Kinoo jicho la kumwambia anyamaze.

Kinoo alinyamaza. Lakini moyo ulimuuma kuliko kidonda chochote. Shangazi alikuwa amekatwa kwa sababu yake, na sasa alikuwa anasema uongo kwa sababu yake. Daktari, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alieleza kwamba kano za vidole viwili vya mwisho zilikatika. Kano ni zile kamba za ndani zinazokunja vidole. Alikuwa ameziunganisha, alisema, ila asingependa kuwadanganya: huenda vidole hivyo visikunjike tena kama zamani. Baba aliinamisha kichwa. Shangazi aliuangalia ukuta.

Baba alipokwenda kuchukua dawa, daktari alikiangalia tena cheti cha shangazi na kuuliza taratibu ilikuwaje patasi moja ikateleza na kukata mahali patatu kwa mpigo. Kinoo alijua akisema kweli atachukiwa, na alijua asiposema hatalala tena usingizi wa maana.

"Haikuteleza," alisema. "Mimi niliziweka makali juu. Nilitengeneza kibao. Nilidhani ataona, kilikuwa kando yake kabisa, lakini hakukiona."

"Mwanangu, nyamaza," alisema shangazi.

Daktari aliacha kuandika. Aliuliza kama mama huyu huwa anagonga vitu pembeni. Kinoo akaeleza yote, bega na fremu ya mlango, kiwiko na chai, mguu na ndoo. Na alipokuwa akieleza, akili yake ilikwenda hatua moja mbele ya mdomo, akaliona jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Kisha akasema, kwa sauti ambayo ilikuwa karibu kupotea, kwamba barabarani shangazi humwomba amshike mkono.

Daktari alivuta kiti akakaa mbele ya shangazi. Alimwambia atazame pua yake yeye daktari tu, asipepese. Akanyoosha mkono pembeni, akawa anakileta kidole taratibu kuelekea mbele, akamwomba aseme akikiona. Kidole kilipita sikio. Kilipita jicho. Kinoo aliomba kimyakimya shangazi aseme. Kilikuwa karibu kufika kwenye pua ya daktari ndipo shangazi aliposema, "Sasa."

Walipelekwa kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Akawaeleza kwamba shangazi ana ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Hauumi, hauwashi, hauleti wekundu. Unaanza kula pembeni kwanza, na mtu anaendelea kuona vizuri kilicho mbele yake, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba linazidi kuwa jembamba. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, bila kuruka. Aliongeza kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata damu, hivyo baba naye apimwe.

"Ulikuwa hujui, mama?" aliuliza daktari.

Machozi yalianza kumtoka shangazi, na yeye hakuyafuta. "Nilijua kuna kitu," alisema. "Nani atampa kazi mchongaji asiyeona?"

Baba, ambaye hakukosa utani hata kwenye msiba, alimshika dada yake bega. Alikuwa anakumbuka utani wake kuhusu lori.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kama imehamwa. Mlango wa karakana ulifungwa. Mwenye kile kichwa cha kitanda, aliyesikia habari kutoka kwa watu wa hospitali, alikuja, akatoa pole, akaulizia macho kwa adabu, kisha akakibeba kichwa hicho cha kitanda kwa mkokoteni, ua likiwa nusu, akampelekea mchongaji mwingine. Shangazi alisimama mlangoni mpaka mkokoteni ulipopinda kona. Alipogeuka akamkuta Kinoo nyuma yake.

"Mkono utapona," alimwambia. "Lakini mdomo wako umenifungia mlango."

Yalikuwa maneno ya mtu aliyeumia, na shangazi aliyajutia kabla hayajaisha kutoka. Lakini yalikuwa yameshatoka. Kinoo alikwenda uani, akakitafuta kile kibao ambacho baba alikitupa, akakaa nacho mapajani. Matundu yake yalikuwa na damu kavu. Alilia mpaka akapata kwikwi. Redio, aliyemfuata kwa kuruka ua, alikaa karibu naye bila kusema neno, na katika jambo lile zima hakumtangazia mtu yeyote hata nusu ya habari.

Asubuhi moja Kinoo alichana karatasi mbili za daftari, akazikunja ziwe mirija, akaziweka machoni. Aliingia karakana kupitia mlango wa ndani. Aliona meza, vizuri kabisa, lakini kipande tu cha meza. Alipiga hatua, bega lake likagonga fremu ya mlango, mahali pale pale palipokuwa pamechakaa kwa bega la shangazi. Alikaa kwenye kiti, akatazama mbele, akanyoosha mkono kulia mahali ambapo zamani palikuwa na kopo. Hakuuona mkono wake mwenyewe. Ndipo alipoelewa kwamba haukuwa ufundi peke yake uliofanya shangazi asilitazame kopo. Alikuwa hawezi kuliona, na wao walimpigia makofi.

Aliitoa mirija, akapiga moyo konde, akamwendea shangazi jikoni.

"Shangazi, nataka kutengeneza kibao kingine. Safari hii nimekuja kukuuliza kwanza."

Shangazi alikuwa akimenya viazi kwa mkono wa kushoto, na maganda yalikuwa manene. "Cha nini tena?" alisema. "Cha nani?"

"Chako."

"Mimi sina kazi, mwanangu."

Kinoo hakuondoka. Aliweka kalenda ya zamani na penseli mezani, akakaa. Shangazi alimenya kiazi, akamenya kingine. Baadaye, bila kuinua uso, akasema kwamba kopo lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa na mdomo: mkono uligusa chuma kwanza, ukajua umefika. Kinoo akaandika. Shangazi akasema kulia hakufai tena, kiwe mbele, katikati, mahali ambapo bado anaona. Kinoo akachora. Akauliza kuhusu mipini inayofanana, na shangazi akaweka kisu chini kabisa, akaanza kueleza kwa mikono miwili, ule mzima na ule wenye bandeji. Viazi vilichelewa sana siku hiyo, na hakuna aliyelalamika.

Kibao cha pili kilichukua muda kuliko cha kwanza, kwa sababu kila hatua ilirudi kwa shangazi. Kinoo alikwenda nacho jikoni, shangazi alifumba macho, akakipapasa, akakirudisha na kasoro yake. Tundu hili ni pana, patasi inacheza. Pembe hii inachoma, ipige msasa. Matundu yalitobolewa mpaka yakatokea chini, makali yakaingia yote bila hata ncha moja kuonekana, na chini ya kibao Kinoo aligundisha vipande vya ndala za zamani ili makali yalalie mpira. Mbele aliweka ukingo wa mbao ulioinuka, mkono uuguse kabla ya kitu kingine chochote, akaupaka rangi nyeupe. Kwenye mipini alichonga alama: mkato mmoja kwa patasi bapa, miwili kwa ya mviringo, shimo dogo kwa ya pembe. Ile nyembamba aliifungia uzi. Baba alikuja na bisibisi, akakikaza kibao mezani kwa skrubu, akaketi kwenye maranda kama mtoto, akisubiri.

Bandeji ilikuwa imeshatolewa. Shangazi alikaa, akafumba macho, akapeleka mkono. Uligusa ukingo, ukapanda, ukahesabu mikato, ukachomoa patasi bapa. Aliirudisha, akachomoa ya mviringo. Alikata maranda mafupi kwenye kipande cha mbao, moja, jingine, na uso wake ukaanza kufunguka. Kisha akaigusa ile yenye uzi.

Patasi nyembamba huongozwa na vidole vya mwisho, vinavyolala juu ya mbao na kuutuliza mkono. Vidole vile viwili vya shangazi vilibaki vimenyooka. Alijaribu kuchora mshipa wa jani, ncha ikaruka na kukwaruza. Alijaribu tena. Mara ya tatu patasi ilimdondoka, ikalala juu ya jani lisilo na mishipa.

Shangazi alilia waziwazi mbele yao, kama mtu anayeagana na mtu. Kinoo naye akalia, akasema nisamehe shangazi, nisamehe. Baba alitazama nje.

Shangazi alipotulia aliiokota ile patasi kwa mkono wa kushoto, akaigeuza, akampa Kinoo mpini.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Zawadi yako ya kwanza ilitoka moyoni, hilo sikulitilia shaka hata damu ikinitoka. Ila ulikitengeneza kibao kwa macho yako, nikakitumie mimi kwa macho yangu. Ungeniuliza. Na ungeniuliza, pengine ningekudanganya, maana nilikuwa ninaficha. Hapo ndipo kosa langu, na ni kubwa kuliko lako. Ukiwaficha ugonjwa watu wanaokupenda, watakuumiza bila kujua. Ningekwenda kupimwa nilipoanza kugonga milango, leo ningekuwa na macho zaidi ya haya. Siku ile kwa daktari ulisema kweli, nami nikakulaumu. Hayo macho yaliyobaki umeniokolea wewe. Nisamehe na mimi."

Kinoo aliipokea patasi kwa mpini.

"Mishipa ya majani utachora wewe," alisema shangazi. "Nitakaa hapa nikikugombeza. Kazi hiyo haihitaji vidole."

Baba alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapimwa macho na kuambiwa arudi kila mwaka.

Mchana walifungua mlango wa karakana, wakatoka kwenda dukani kununua msasa. Magari yalikuwa mengi. Redio alikuwa amekaa kwenye ngazi za chumba cha kushonea cha baba yake, pamoja na wasichana watatu wa darasa lao, na wote walikuwa wakitazama barabarani. Shangazi alisimama ukingoni. Hakuomba. Tangu siku ya hospitali hakuwa ameomba tena.

Kinoo alipita upande wa kulia, upande ambao magari yalitokea, akaushika mkono wenye makovu kwa uangalifu. "Nishike, shangazi," alisema. Wakavuka, wakafika ng'ambo, na Kinoo hakuuchomoa mkono wake.